Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: somo moja mmelifungia katika vyumba sita

Waheshimiwa wakuu wa vyuo, wajumbe wa seneti na wenyeviti wa kamati za mitaala,

Kila muhula unapofika ukingoni mnatuletea fomu ya kutathmini ufundishaji. Mwanafunzi anajaza, fomu zinakusanywa, hesabu zinapigwa, na miezi mitatu baadaye naletewa karatasi inayosema nimepata wastani wa 3.8 kati ya 5. Yule aliyeandika kwamba sauti yangu haifiki viti vya nyuma amekwisha kufanya mtihani, kafaulu au kaanguka, na hatakaa tena ukumbini mwangu. Wanaokaa nyuma sasa hivi hajawauliza mtu. Mimi nafundisha udhibiti wa mitambo, kwa hiyo mniwie radhi nikisema kwa lugha ya kazi yangu: kihisi, yaani kifaa cha kupima, mnacho, waya mnao, ila waya umeungwa kwenye injini iliyokwisha kuzimwa.

Ningeweza kuiandikia kamati ya ubora nikaishia hapo. Naandika hadharani kwa sababu fomu ni dalili tu. Elimu inayoeleza kasoro ya fomu ile imo ndani ya vyuo vyenu miaka mingi. Inaitwa saibanetiki, elimu ya jinsi kiumbe au mashine inavyojiongoza kwa habari za matendo yake yenyewe. Imekatwa vipande, kila kitivo kimejichukulia chake na kukipa jina la nyumbani, na mwanafunzi anahitimu bila kuambiwa kwamba vipande vile vilikuwa kitu kimoja.

Jina lenyewe ni la baharini. Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, alilichukua mwaka 1948 kutoka neno la Kigiriki la mshika usukani, kybernetes, akaliweka kwenye jalada la kitabu chake kuhusu udhibiti na mawasiliano katika mnyama na katika mashine. Warumi walikuwa wamekwisha kulifanya gubernator, Waingereza wakapata governor, na sisi tukapokea gavana. Kwa hiyo gavana anayeongoza watu na gavana inayozuia injini isikimbie kupita kiasi wametoka tumbo moja. Nasi tuna letu: rubani alikuwa mtu wa chomboni kabla hajapanda ndege.

Ajabu ni kwamba mmoja wa watu waliotuletea hisabati ya udhibiti alianza kwa kuwatazama washika usukani hasa. Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha mwaka 1922 makala kuhusu kuongoza meli bila mkono wa mtu. Aliona kwamba mshika usukani hodari hashughuliki na kosa la sasa peke yake, yaani nyuzi ngapi omo, ile pua ya chombo, imetoka kwenye mwelekeo. Anakumbuka pia kwamba chombo kimekuwa kikivutwa upande mmoja kwa muda, labda kwa mkondo, labda kwa upepo, naye anaongeza kidogo ili kufidia. Tena anaangalia omo inageuka kwa kasi gani, ili aanze kuurudisha usukani kabla chombo hakijafika anakokitaka. Mwanagenzi hufanya lile la kwanza tu, ndiyo maana njia yake majini hujipinda kama ya nyoka. Mambo hayo matatu, kosa lililopo, kosa lililolimbikizana na mwendo wa kosa, ndiyo yamo hadi leo katika vidhibiti vya tanuri, vya viwanda vya kemikali na vya droni. Ninayafundisha kila mwaka, wiki ya sita. Kwa miaka mingi niliyafundisha kana kwamba ni mali ya wahandisi.

Kisha ikaja alasiri moja. Mimi na mwenzangu anayefundisha fiziolojia tuliazima ukumbi tukawakusanya wanafunzi wa vitivo vinne. Tukawaonyesha grafu isiyo na maandishi yoyote: mstari unapanda, unapitiliza, unashuka, unapitiliza tena, wimbi baada ya wimbi. Tukauliza hii ni picha ya nini. Kijana wa uhandisi alijibu bila kufikiri sana: kidhibiti kimekazwa mno. Wa udaktari akasema hapana, hiyo ni pumzi ya mgonjwa wa moyo, ile inayoitwa kwa majina ya Cheyne na Stokes, madaktari walioieleza mwaka 1818 na 1854. Wa uchumi akadai ni bei ya nguruwe: bei ikiwa juu wafugaji wote huongeza mifugo, mifugo inakomaa kwa pamoja, soko linafurika, bei inaanguka, wote wanapunguza kwa pamoja, na mchezo unaanza upya. Wa ikolojia akacheka akasema hao ni wanyama wawindao na mawindo yao. Tukawaacha wabishane kama dakika kumi hivi. Mwenzangu akaenda ubaoni akaandika maneno manne tu: habari zimechelewa, jibu limezidi.

Chukueni ile pumzi. Moyo uliodhoofika husukuma damu polepole, kwa hiyo habari za hewa ukaa iliyomo mapafuni hufika kwenye vipokezi vya ubongo zimechelewa. Ubongo unaijibu hali iliyokwisha kupita, tena unaijibu kwa nguvu. Mgonjwa anapumua kwa kina na haraka, kisha pumzi inafifia hadi inasimama kwa sekunde kadhaa, kisha inaanza upya. Mfugaji wa nguruwe hana tofauti na ubongo huo: anaitazama bei ya leo kuamua mfugo utakaouzwa miezi mingi ijayo. Hata mwanagenzi wa usukani yumo humo humo. Wote wako macho na wote wanajitahidi kurekebisha. Wanachotofautiana na aliye hodari ni muda unaopita kati ya tendo na habari zake, na ukubwa wa jibu wanalotoa kabla habari hizo hazijarudi.

Binti mmoja wa mwaka wa tatu wa udaktari alinifuata mlangoni akaniuliza kwa nini hakuambiwa jambo hili mapema. Jibu pekee nililokuwa nalo ni ratiba: vipindi vyake na vyangu vinagongana, na anayepanga ratiba hakuwahi kuwa na sababu ya kuvipatanisha.

Saibanetiki yenyewe ilizaliwa kwa mtindo wa alasiri ile, na hili ningependa mlifikirie, maana mmezoea kuambiwa kwamba kuchanganya taaluma ni mapambo ya siku hizi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wiener na mhandisi Julian Bigelow walikuwa wakitafuta njia ya kuilenga ndege kwa mzinga, wakitabiri itakakokuwa na si iliko. Waliona kwamba mfumo unaojirekebisha kupita kiasi huanza kuyumbayumba usitulie. Wakamuuliza Arturo Rosenblueth, mwanafiziolojia kutoka Meksiko, kama kuna ugonjwa wa binadamu unaofanana na huo. Akawaambia upo, tena unajulikana vizuri: mtu aliyeumia serebelamu, ile sehemu ya nyuma ya ubongo, akitaka kuokota kitu mkono wake hupitiliza, hurudi, hupitiliza tena, ukitetemeka kila unapokaribia. Akitulia hatetemeki. Kutokana na jibu hilo watatu hao walichapisha makala moja mwaka 1943, na miaka mitatu baadaye ikaanza mikutano 10 iliyofadhiliwa na Wakfu wa Macy wa Marekani, kuanzia 1946 hadi 1953. Walikaa meza moja mtaalamu wa neva Warren McCulloch, wanaanthropolojia Margaret Mead na Gregory Bateson, wanahisabati, wanasaikolojia na wahandisi. Waligombana sana. Kumbukumbu za mikutano hiyo zinaonyesha watu waliokuwa wakikatizana maneno kila dakika, na mimi naona hiyo ndiyo sifa yao.

Kabla yao kulikuwa na karne ya watu waliopishana njiani bila kusalimiana. James Watt alifunga gavana ya mipira miwili inayozunguka kwenye injini yake ya mvuke mwaka 1788. Mwanafizikia James Clerk Maxwell akaiandikia hisabati mwaka 1868, akaonyesha ni wakati gani mtikisiko hufa wenyewe na ni wakati gani hukua. Katika karne hiyo hiyo mwanafiziolojia Claude Bernard wa Ufaransa alikuwa akieleza jinsi mwili unavyoyalinda mazingira yake ya ndani, na Walter Cannon wa Marekani akaja kulipa jambo hilo jina la homeostasisi mwaka 1926. Mmoja alikuwa na milinganyo bila kiumbe hai, wengine walikuwa na kiumbe hai bila milinganyo.

Mnayo mifano mingine mingi vitivoni mwenu, nayo imelala. Wanafunzi wa uchumi hufundishwa mkunjo wa Phillips, wa mwaka 1958, unaohusisha ukosefu wa ajira na mwendo wa mishahara. Wachache huambiwa kwamba Bill Phillips alikuwa mhandisi kutoka New Zealand, na kwamba mwaka 1949 alitengeneza mashine ya maji yenye matangi na mabomba ambamo mapato ya taifa yalitiririka, kodi ikachepushwa huku na akiba kule, na mtu akaona kwa macho kiwango kikipanda na kushuka. Mwaka 1954 alichukua yale mambo matatu ya mshika usukani akayatia kwenye sera za serikali, akaonyesha kwamba sera nzuri iliyochelewa inaweza kuzidisha msukosuko ilioletwa kuutuliza. Mwanafunzi wa siasa za umma angefaidika na saa moja mbele ya mashine hiyo kuliko na mihadhara yangu yote.

Kwenye tiba kuna kongosho bandia, yaani kihisi cha sukari na pampu ya insulini vikiunganishwa na programu inayoamua kipimo. Ugumu wake ni ule ule. Kihisi kinasoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, ambayo hubaki nyuma ya damu kwa dakika kadhaa, na insulini iliyodungwa chini ya ngozi nayo huchukua muda kufanya kazi. Ukiikaza programu, mgonjwa anaporomoka sukari. Ukiilegeza, sukari inapaa. Anayebuni kifaa hicho anahitaji kujua kongosho na kujua Minorsky. Kwa mtaala wa sasa hakuna mwanafunzi wenu anayepata vyote viwili, isipokuwa kwa bahati.

Mrejesho, yaani habari za tendo zinaporudi kuongoza tendo linalofuata, una sura ya pili ambayo watu huisahau, ule unaokuza badala ya kutuliza. Tarehe 10 Juni 2000 lilifunguliwa London daraja la waenda kwa miguu, Millennium Bridge. Umati ulipopita likaanza kuyumba upande upande, na siku mbili baadaye likafungwa. Daraja lilipoyumba kidogo, watu walitanua miguu na kufuatisha hatua zao na myumbo ili wasianguke. Hatua hizo zikauongeza myumbo. Myumbo ukawalazimisha wengine wengi zaidi kufuatisha. Lilifunguliwa tena 2002 baada ya kufungwa vizuia mtikisiko. Kanuni za ujenzi za wakati ule ziliwahesabu watu kama mzigo unaopita. Hazikuwahesabu kama viumbe wanaolijibu daraja. Mwanasaikolojia au mwalimu wa ngoma angeliona hilo mapema kuliko mhandisi, nasema bila utani.

Kuna jambo la tatu, nalo ni la W. Ross Ashby, daktari wa akili wa Uingereza ambaye mwaka 1948 alitengeneza mashine iliyojitafutia utulivu wenyewe, kwa vifaa vilivyobaki vitani. Katika kitabu chake cha 1956 alieleza kanuni ambayo kwa maneno yangu ni hii: kinachodhibiti lazima kiwe na namna nyingi za kujibu kama zilivyo nyingi namna za kile kinachodhibitiwa kuharibika. Ukimpa mlinzi filimbi moja kwa ajili ya moto, mwizi na mafuriko, atapuliza tu. Ndege mbili za Boeing 737 MAX zilianguka tarehe 29 Oktoba 2018 na 10 Machi 2019, watu 346 wakafa. Mfumo wake mmoja wa kuinamisha pua ya ndege ulitegemea kihisi kimoja kwa wakati, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Kihisi kilipotoa habari za uongo, mfumo uliinamisha pua, rubani akaiinua, mfumo ukainamisha tena. Kabla ya ajali ya kwanza, vitabu vya mwongozo vya marubani havikuwa vimeutaja mfumo huo. Hapo kuna uhandisi, saikolojia, sheria na uendeshaji wa biashara, vyote ndani ya mzunguko mmoja, na sijui ni kitivo gani kati ya vyenu kingekubali kwamba somo hilo ni lake.

Najua mtakalosema, kwa kuwa nimekwisha kulisikia vikaoni: saibanetiki ni fasheni ya zamani, ilijivuna kwamba inaeleza kila kitu, ikapita. Kwa kiasi fulani ni kweli. Walikuwapo walioona mrejesho hata mahali usipokuwapo. Chile ya Rais Salvador Allende ilimwalika Stafford Beer, mwanasaibanetiki wa Uingereza, mwaka 1971 aunganishe viwanda vya taifa kwa mashine za teleksi, zile za kutumiana maandishi kwa waya, na kompyuta moja, mradi ulioitwa Cybersyn. Wakati wa mgomo wa wenye malori, Oktoba 1972, zile teleksi ziliisaidia serikali kujua nini kimekwama wapi. Mwaka uliofuata mapinduzi ya kijeshi yakaja, mradi ukafa. Wako wanaousifu kama ndoto iliyokatizwa, wako wanaouona kama chumba kizuri chenye viti vya kuzunguka. Mimi naona funzo la wastani: mrejesho wa haraka unasaidia kujua, lakini haukuamulii nani awe na haki ya kushika usukani. Somo likifundishwa pamoja na makosa yake halitageuka dini.

Huyo Margaret Mead niliyemtaja aliwahi kuwageukia wanasaibanetiki wenyewe. Katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1968 aliwataka wakiendeshe chama chao kwa kanuni wanazozihubiri. Nami nawageukia ninyi, na nitarudi kwenye fomu.

Mnapima utafiti wetu kwa idadi ya makala. Marilyn Strathern, mwanaanthropolojia wa Uingereza, aliandika 1997 kuhusu vyuo vikuu hasa kwamba kipimo kikishageuzwa kuwa lengo hukoma kuwa kipimo kizuri, wazo lililotangulia kutolewa na mwanauchumi Charles Goodhart mwaka 1975 kuhusu fedha. Makala moja imekuwa ikikatwa tatu mbele ya macho yenu. Kihisi kinasoma juu, chombo kinakwenda kombo. Mnawafelisha wanafunzi kwa mtihani ambao karatasi zake hawazioni tena, kisha mnashangaa kwamba kosa la mwaka wa kwanza linajirudia mwaka wa tatu. Waliosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa na maana yao, lakini mwanafunzi wenu hana ngama ya kurejea. Karatasi imefungiwa kabatini.

Mimi nilijaribu dawa ndogo. Wiki ya tatu ya muhula nagawa vipande vya karatasi vyenye maswali mawili: nini hukuelewa, nini kinakuzuia. Jumatatu inayofuata nawasomea waliyoandika na kuwaambia nitakachobadilisha na nisichoweza. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba nazungumza na ubao. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Fomu zenu zote za miaka hiyo hazikuwahi kuniambia, au zimeniambia ndani ya ule wastani.

Ninachoomba si idara mpya. Idara mpya itatafuta jengo, mkuu na muhuri, kisha itafunga mlango kama zilivyofunga nyingine. Naomba somo moja la muhula mmoja, mwaka wa pili, lifunguliwe kwa vitivo vyote, likifundishwa na walimu wawili ambao lazima watoke vitivo tofauti na wote wawe ukumbini kila kipindi, hata kama ofisi ya fedha itauliza kwa nini saa moja inalipwa mara mbili. Hisabati yake iwe nyepesi mwanzoni. Mtu anaweza kuelewa uchelewaji kwa mchezo wa usambazaji uliobuniwa katika kundi la Jay Forrester pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ambapo mwuza rejareja, mwuza jumla, msambazaji na kiwanda wanaagiziana kreti. Wateja wanapanda kutoka kreti 4 kwa wiki hadi 8 mara moja tu, basi, na kiwanda kinaishia kuyumba kama chombo cha mwanagenzi. Wanafunzi hulaumiana kwa sauti hadi wanapoonyeshwa kwamba mteja hakubadilika tena. Baada ya hapo milinganyo wanaidai wenyewe.

Na fomu ihamishwe wiki ya nne, majibu yatolewe wiki ya tano mbele ya wale wale waliojaza. Hilo halihitaji bajeti.

Kikao cha kwanza cha seneti kikiipa barua hii nafasi kwenye ajenda, nitakuja na ile grafu isiyo na maandishi. Ninazo nakala 40, na mwenzangu wa fiziolojia amekubali kuja. Ukumbi ndio hatuna.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa somo la udhibiti